Mwenye Mkoba Apewe Neno Uwanjani

Kandanda ina watu wake wa kusifiwa na watu wake wa kulaumiwa. Mfungaji husifiwa, mlinda lango hulaumiwa, mwalimu hufukuzwa, na mwamuzi hutukanwa hata na mtu asiyejua sheria moja ya mchezo. Lakini katika kila timu yuko mtu mmoja ambaye hakuna amtazamaye mpaka mchezaji aanguke. Huyo ni yule akimbiaye kuingia uwanjani na mkoba begani, akapiga magoti kwenye nyasi, akaushika mguu wa mwenziwe kwa mikono miwili, kisha akatoka mbio kwa sababu refa atazama saa. Wako wamwitao daktari wa timu, wako wamwitao mchuaji, na vijana wa jukwaani humwita mtu wa maji. Leo nataka tuizungumze kazi yake, kwani naona twaichezea, na kwa kuichezea twachezea magoti na vichwa vya watoto wetu.

Mimi ni mtu wa Mombasa niliyehamia Kisii kwa biashara ya nguo, na miaka niliyokaa huku imenizoeza milima ya Gusii, mvua yake na mpira wake. Huenda msomaji wa Lamu, Malindi au Kilindini akauliza: mambo ya mpira wa Kisii na Nyamira yatuhusu nini sisi wa pwani? Yatuhusu sana. Goti la kijana wa Nyamira halina tofauti na goti la kijana wa Majengo, na likikatika kano hukatika vile vile. Tena sisi wa pwani si wageni wa mchezo huu. Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965, na tangu siku hizo hakuna mtaa wetu usiokuwa na timu yake. Yanayowasibu wenzetu wa huku yatusibu na sisi, ila labda tumeyazoea hata hatuyaoni.

Na timu kubwa ya huku yabeba jina lisilo geni masikioni mwetu. Shabana ilianzishwa mwaka 1980, ikachukua jina la duka la vifaa vya ujenzi la mjini Kisii, Shabana Hardware, na mlezi wake alikuwa Bwana Dogo Khan. Katika miaka ya 1980 ilikuwa miongoni mwa timu za kuogopwa nchini, na mshambuliaji wake Henry Motego akajulikana Kenya nzima. Iliteremka mwaka 2006, ikakaa nje miaka 17, kisha ikarejea ligi kuu mwaka 2023. Aliyeuona mji wa Kisii siku hizo za kurejea, na mashabiki wajiitao Tore Bobe wakiimba barabarani, atafahamu kwamba huku mpira si mchezo wa kupitisha jioni. Ni heshima ya watu. Ndiyo maana ni muhimu kuuliza ni nani atunzaye miili ya wale wanaoibeba heshima hiyo.

Kazi ya mwenye mkoba watu huijua nusu, tena nusu iliyo ndogo. Rafiki yangu mmoja wa huku ndiyo kazi yake. Sitamtaja jina wala timu yake, kwani hakunipa ruhusa ya kumtia gazetini. Alikuwa mchezaji wa pembeni, hodari wa mbio, mpaka goti lilipomwangusha akiwa na umri wa miaka 21. Hakupata tena kucheza, lakini hakuuacha mpira. Alikwenda kusomea utabibu wa viungo kwa miaka mitatu, akatoka na stashahada. Siku za kazi yu hospitalini, na jioni na Jumamosi yu na timu. Nilimwuliza siku moja, "Bwana, siku ya mechi kazi yako huanza saa ngapi?" Akacheka, akasema, "Mzee, siku ya mechi kazi yangu huwa imekwisha. Inayobaki ni ajali."

Alinifafanulia maneno yake. Kabla ya msimu kuanza humpima kila mchezaji: huyu kifundo chake kiliteguka mwaka jana na hakijakaza, huyu msuli wa nyuma ya paja umefupika, huyu moyo wake wadunda kwa namna ambayo yataka daktari mkubwa ausikilize. Yote huyaandika katika daftari. Kabla ya mazoezi huwapasha misuli moto. Kabla ya mechi huwafunga vifundo kwa utepe, na huuzunguka uwanja akitafuta mashimo, mawe na vigae vya chupa. Mechi ikiisha ndipo kazi ndefu huanza: aliyeumia lazima atunzwe wiki mbili, au miezi miwili, au miezi tisa, afundishwe kukanyaga, kisha kutembea, kisha kukimbia moja kwa moja, kisha kukata kona, na mwisho kabisa kupiga mpira. Miezi hiyo tisa hakuna mtazamaji aionaye. Mtazamaji huona ile dakika moja tu ya kukimbia na mkoba.

Na viwanja vya Gusii vyaifanya kazi hiyo kuwa ngumu zaidi. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua ya huku haijui msimu kama ile ya kwetu. Karibu kila mwezi hunyesha. Uwanja wa Gusii mjini ulitengenezwa upya, hata Sikukuu ya Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba 2020 ikafanyiwa hapo. Lakini ligi za vijijini huchezwa penye mteremko, katikati ya majani ya chai na migomba, juu ya udongo mwekundu ambao ukilowa huteleza kama sabuni na ukikauka huwa kama saruji. Mguu hukwama, mwili hugeuka, na goti hubaki katikati halijui lifuate lipi. Hapo hapana machela wala gari la wagonjwa. Aliyevunjika hupakiwa juu ya pikipiki, mmoja mbele na mmoja nyuma akimkumbatia, na mguu waning'inia mpaka hospitali ya Nyamira au ya Kisii.

Mguu una afadhali, kwani mguu hulia ukaonekana. Kichwa ndicho kinachonitia hofu. Katika mechi moja ya vijana nchi ya Nyamira niliona watoto wawili wakirukia mpira wa kona, wakagongana vichwa, mmoja akaanguka akatulia. Alimwagiwa maji usoni, akainuka, watu wakampigia makofi. Nilikuwa karibu na mstari nikamsikia akimwuliza mwenziwe, "Tunacheza na nani?" Akajibiwa. Baada ya kitambo akauliza tena neno lile lile. Aliyekuwa na mkoba, kijana aliyepewa kazi hiyo kwa sababu hakupata nafasi ya kucheza, alisema yule mtoto atoke. Mwalimu akamkemea, mtoto akarudi mchezoni, na makofi yakaongezeka.

Alhamdulillahi hakudhurika siku ile. Lakini asemaye kwamba maadamu hakudhurika hapakuwa na kosa, ni sawa na asafiriye kwa matatu isiyo na breki, akafika salama, kisha akaisifu matatu. Ubongo uliotikisika wataka kupumzika. Dalili zake zajulikana: kuuliza neno moja mara mbili tatu, kutapika, kuumwa na kichwa, kuona kiwi, kutokumbuka goli lililofungwa punde tu. Mwenye dalili moja katika hizo hutolewa uwanjani na harudi siku hiyo, hata akisema yu mzima. Na usiku wake asiachwe peke yake. Pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona laweza kuua, na wachanga ndio walio katika hatari zaidi.

Wakubwa wa mchezo duniani wamelitambua jambo hili, japo kwa kuchelewa. Bodi ya kimataifa itungayo sheria za kandanda ilianza mwaka 2021 kujaribu kanuni ya kumruhusu mchezaji aliyeumia kichwa abadilishwe bila ya kuhesabiwa katika idadi ya kawaida ya wabadilishwao, na tangu Julai 2024 kanuni hiyo imo katika sheria kwa mashindano yatakayo kuitumia. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba mwalimu hana tena kisingizio cha kusema akimtoa mtoto timu itapungua.

Linaloshangaza ni kwamba mzaha huu na vichwa wafanyika Gusii. Kama iko nchi katika Afrika ya Mashariki iliyokuwa na elimu ya kichwa tangu enzi za mababu, ni hii. Wakisii walikuwa na mabingwa wao wa kupasua fuvu. Mmoja huitwa omobari, na wengi ni ababari. Mtu aliyepigwa kichwani, akapona jeraha lakini maumivu yasimwishe, alipelekwa kwa omobari. Bingwa huyo alipasua ngozi, akauparuza mfupa polepole mpaka akaondoa kipande kilicholeta taabu, kisha akaufunika na kuutia dawa za miti. Madaktari wa kizungu waliokuwa Kenya waliandika habari za ababari katika majarida yao tangu miaka ya 1950, wakistaajabu kwamba wagonjwa wengi waliishi, na wengine walipasuliwa zaidi ya mara moja.

Sisemi turudi huko. Leo kuna hospitali, kuna picha za mionzi, na kichwa cha mtu si mahali pa kujaribia. Ninalotaka tulitazame ni cheo cha omobari mbele ya watu wake. Hakuwa mtu aliyeokotwa njiani kwa sababu hana kazi nyingine. Alijifunza kwa bingwa aliyemtangulia, miaka mingi, akitazama kabla ya kugusa. Na alipokuwa kazini, neno lilikuwa lake; hakuna aliyemsukuma mkono akimwambia afanye haraka kwa sababu ng'ombe wangoja. Wazee walifahamu kwamba mwenye elimu ya jambo ndiye mwenye amri juu ya jambo hilo. Sisi wa leo, wenye redio na televisheni, twamwachia amri ya kichwa cha mtoto mtu ambaye elimu yake ni ya kupanga washambuliaji.

Na sisi wa pwani tusicheke. Kwetu nako tunao wachuaji na waunga mifupa, wazee kwa akina mama, wenye mikono ya baraka na mafuta yao ya nazi. Wako walioinua watu waliokata tamaa, na mimi ni mmoja wa waliopata nafuu kwao. Wapo pia wapigao chuku kwa ustadi. Kuwaheshimu ni wajibu. Lakini kumheshimu mchuaji hakuna maana ya kumpa kila kitu akiguse. Kifundo kilichoteguka sasa hivi, kikachuliwa kwa nguvu na mafuta ya moto, huzidi kufura, kwani damu yavuja ndani. Mfupa uliopasuka ukivutwa kwa kudhaniwa ni mshipa uliohama, ufa huwa mvunjiko. Mchuaji mwema ni yule ajuaye pa kuinua mkono na kusema, hili si langu, mpelekeni hospitali.

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuhimiza kujitibu, na katika mafunzo yake imo pia kanuni nzito: ajitiaye utabibu hali hajulikani kwa utabibu, madhara atakayoyaleta yamo juu ya dhamana yake. Wanazuoni wa fikihi wameijenga hukumu ya tabibu juu ya msingi huo. Na katika Waislamu ndimo alimotoka Al-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1013, ambaye katika kitabu chake kikubwa cha tiba alichora vyombo vya upasuaji kimoja kimoja na akaeleza namna ya kuunga mifupa. Elimu hii si ya kuazima kwa watu. Ni mali tuliyoiacha ikatupita.

Hoja nyingine ya kutaka mwenye mkoba awe msomi ni kwamba elimu yenyewe yabadilika. Mwaka 1978 daktari wa Kimarekani, Gabe Mirkin, aliandika kanuni iliyoenea dunia nzima: aliyeumia apumzishwe, atiwe barafu, afungwe, na mguu uinuliwe. Vizazi viwili vya wachezaji vilitibiwa hivyo. Mwaka 2014 daktari huyo huyo alitangaza kwamba barafu ya muda mrefu na kulala kupita kiasi huenda vyachelewesha kupona. Mwenye mkoba aliyefundishwa jambo moja miaka 20 iliyopita na asisome tena, atawatibu watoto wa leo kwa maneno ambayo mwenyewe aliyeyasema ameyapunguza. Ndiyo maana nasema kazi hii haitoshi kuwa na moyo. Yataka darasa, na darasa lisilokwisha.

Tena si kila elimu yake yahitaji fedha. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Canada, walitoa kanuni rahisi ya kifundo cha mguu: ikiwa aliyeumia hawezi kupiga hatua nne, au ana maumivu akibonyezwa mfupa wa kifundo, apelekwe kupigwa picha, ikiwa hana hayo, huenda hapana mvunjiko. Kanuni hiyo haihitaji chombo chochote ila kidole na macho. Vivyo hivyo shirikisho la kandanda duniani, FIFA, lilieneza mpango wa mazoezi ya kupasha mwili uitwao 11+. Ni dakika 20 za kukimbia, kuruka, kujizuia na kuimarisha mapaja. Ulipojaribiwa Norway kwa wasichana wapatao 1,900, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008, majeraha kwa jumla yalipungua kwa thuluthi hivi, na majeraha makubwa yalipungua karibu nusu. Dakika 20, bila ya mashine, bila ya shilingi! Ni timu ngapi za Nyamira, au za Likoni, zifanyazo mazoezi hayo kila siku? Nyingi hupiga mashuti mawili matatu golini kisha huanza mechi.

Mfano wa maana kuliko yote ni moyo. Tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon, Ufaransa, mchezaji wa Cameroon Marc-Vivien Foé alianguka katikati ya uwanja katika dakika ya 72 ya mechi na Colombia, akafa. Tarehe 12 Juni 2021, mjini Copenhagen, Christian Eriksen wa Denmark alianguka vivyo hivyo, lakini yeye yu hai, na alirudi kucheza. Kati ya siku hizo mbili watu walijifunza mengi. Kwa Eriksen walianza mara moja kumkandamiza kifua, wakaleta mashine ya kuushtua moyo, na wenzake wakamzunguka kumsitiri. Moyo uliosimama haungoji. Kila dakika ipitayo bila ya msaada yapunguza tamaa ya kuishi kwa sehemu 7 hadi 10 katika mia. Mashine ni ghali, lakini mikono miwili ikandamizayo katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, haina bei. Hilo angelijua kila mtu mwenye mkoba Kenya hii, na kila mwalimu, na kila nahodha.

Sasa tuje kwenye riziki. Nani atasoma miaka mitatu ili aje alipwe nauli na soda? Timu ikikosa fedha, wa kwanza kukatwa ni mwenye mkoba. Mchezaji ana mkataba, mwalimu ana mkataba, na yeye ana ahadi. Dawa na bendeji hununua kwa mfuko wake, na akiomba arudishiwe huonekana mchoyo. Wakati huo huo, katika timu zetu nyingi, za bara na za pwani, fedha za wale wafanyao mambo ya usiku langoni hazikosekani. Mganga wa kufukia hirizi hulipwa kabla ya mechi. Tabibu wa kuunga mguu huambiwa asubiri. Hilo ni la aibu, na kwetu sisi Waislamu ni zaidi ya aibu.

Basi hao waliosoma huondoka. Huenda hospitali za watu binafsi Nairobi, au huvuka bahari wakatafuta kazi Ghuba na Uingereza. Wakiondoka twawaita wasio na uzalendo. Lakini nchi hii ya Gusii yajua jinsi tunavyowasahau watu wetu. Naftali Temu, mwana wa Nyamira, ndiye aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki, katika mbio za mita 10,000 huko Mexico mwaka 1968. Alifariki mwaka 2003, na miaka yake ya mwisho haikuwa ya raha. Ikiwa bingwa wa dunia twaweza kumsahau, mtu wa mkoba atategemea nini?

Liko pia jambo la mabinti zetu. Wasichana siku hizi wacheza mpira, shuleni na mitaani, Kisii na Mombasa, na madaktari wasema kano ya ndani ya goti la msichana yakatika mara nyingi zaidi kuliko ya mvulana. Mzazi mwenye haya hapendi bintiye ashikwe paja na mwanamume mbele ya umma, na haki ni yake. Dawa si kumkataza binti asicheze, wala kumwacha aumie bila ya kutazamwa. Dawa ni kuwasomesha wanawake kazi hii. Hospitalini wamejaa wanawake hodari wa utabibu wa viungo. Ni uwanjani tu ambako hatuwaiti.

Na kwa timu zetu zenye wachezaji wafungao Ramadhani, mwenye mkoba mwenye elimu ndiye angepanga mazoezi yasogezwe baada ya futari, angewahesabia vijana maji yao kati ya Magharibi na daku, na angemwambia mwalimu waziwazi ni mazoezi gani yaahirishwe mpaka Idi. Asiye na elimu huwaambia wafungue, au huwaacha waanguke.

Nataka nini basi? Nataka mambo manne, na yote yawezekana. La kwanza, kila timu ya ligi, hata ya wilaya, iwe na mtu mmoja aliyefunzwa, naye aandikiwe mkataba kama mwalimu. Sheria iko: tangu mwaka 2014 Kenya ina sheria ya watabibu wa viungo na baraza la kuwasajili, kwa hivyo aulizwe cheti chake. La pili, serikali za kaunti za Kisii na Nyamira, na zetu za pwani pia, zikae na Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, ambacho kina matawi Kisii na Nyamira zote mbili, wafanye masomo mafupi ya huduma ya kwanza uwanjani kwa wale vijana wa vijijini washikao mkoba kwa mapenzi tu. Siku chache za darasa zitaokoa magoti mengi. La tatu, mechi ya ligi isianze kama hapana machela, magango ya kufungia mfupa, na gari au pikipiki yenye magurudumu matatu iliyokodiwa kungoja.

La nne ndilo kubwa, na halihitaji hata senti: mwenye mkoba aliyefunzwa akisema mchezaji atoke, atoke. Asipingwe na mwalimu, wala mfadhili, wala mashabiki, wala mchezaji mwenyewe. Viongozi wa ligi waliandike hilo katika kanuni, na mwalimu atakayemrudisha mtu uwanjani kinyume cha neno la tabibu wake aadhibiwe kama aadhibiwavyo amtukanaye refa. Mwamuzi tumempa filimbi kwa sababu ana elimu ya sheria. Mwenye mkoba naye tumpe neno kwa elimu ya mwili.

Najua wako watakaosema kwamba timu zetu ni maskini, na kwamba mambo haya ni ya Ulaya. Nawajibu kwamba umaskini ndio hasa utupao sababu. Mchezaji wa Ulaya akivunjika goti ana bima, ana daktari, ana fedha benki. Kijana wa Kebirigo au wa Kisauni akivunjika goti amepoteza jembe lake, baiskeli yake na mkate wa mamake kwa siku moja. Msimu ujao, basi, mzazi aliye na kijana katika timu yoyote, kabla ya kuuliza timu imenunua mshambuliaji gani, aulize kwanza: mkoba yuashika nani, naye amefunzwa na nani? Viongozi wakikosa jibu, mtoto wake abaki nyumbani mpaka wapate la kumjibu.